Saa Moja Kwetu, Saa Mbili Kwao: Mafunzo Niliyopata Nikikimbia Bunagana

Bunagana ziko mbili. Moja iko Kongo, teritwari ya Rutshuru, Kivu Kaskazini. Nyingine iko Uganda, wilaya ya Kisoro. Katikati yake pana kizuizi, askari, na watu wengi wenye haraka. Mimi nakaa upande wa Kongo. Kazi yangu ni kuuza yuniti za simu na kubadili pesa: franka, shilingi ya Uganda, dola. Ni kazi ya kukaa. Mtu anakaa kwenye kistuli tangu asubuhi, anahesabu, anatafuna karanga, anahesabu tena, na jioni anainuka akiwa ameshika kiuno. Mwaka 2019 muuguzi mmoja alinipima presha, akaipima tena kwenye mkono wa pili, kisha akaniuliza natembea kiasi gani kwa siku. Nilimjibu kwamba kutoka nyumbani hadi kibandani si mbali. Akaandika kitu.

Tangu hapo nakimbia. Nina watoto wawili. Mkubwa ni mvulana, yuko sekondari upande wetu na anasoma kwa Kifaransa. Kitinda mimba ni msichana wa miaka sita, yuko darasa la kwanza upande wa Uganda, P.1 kama wenyewe wanavyosema, na anasoma kwa Kiingereza. Baba yao yuko Goma kwa kazi, tunaonana njia ikiruhusu. Kwa hiyo mkuu wa asubuhi nyumbani kwetu ni mimi. Haya ndiyo niliyojifunza nikiutafutia mwili wangu nafasi katikati ya uji, sare na kengele. Mengine yanafaa mpakani tu. Mtu wa Nairobi au Dodoma achukue yanayomfaa.

1. Uliza jua linachomoza lini kabla ya kuuliza shule inaanza lini

Mashariki ya Kongo iko saa moja nyuma ya Uganda. Ukivuka kizuizi, umezeeka saa nzima. Saa moja asubuhi kwetu ni saa mbili kwao. Wageni hucheka wakisikia hivyo, lakini mwenye mtoto wa shule huamka nayo kila siku.

Hapa tulipo, karibu kabisa na ikweta, jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili ya Kongo mwaka mzima. Novemba huwahi kidogo, Februari huchelewa kidogo, basi. Lango la shule ya binti yangu hufungwa saa mbili kamili ya Uganda. Maana yake, kutoka mwanga wa kwanza hadi lango kufungwa nina kama saa moja, na ndani yake kuna kuoga, uji, nywele, na kiatu kimoja kilichopotea. Kaka yake kengele yake ni saa moja na nusu ya Kongo. Ana nusu saa zaidi ya nuru kuliko dadake na hajawahi kuishukuru.

Ushauri ninaousikia zaidi, redioni na kwa jamaa waliohamia miji mikubwa, ni huu: amka saa kumi alfajiri, kimbia kabla watoto hawajaamka. Anayesema hivyo hajakaa mji wenye askari wa pande mbili. Gizani hapa mwenye akili hakimbii. Na mtoto wa Bunagana akiamka akakuta kitanda cha mama kitupu, hatafikiri kwamba mama ameenda kupunguza uzito. Jioni nayo haifai. Kibanda kinafungwa giza likianza kuingia, kisha kuna maharage ya kuchemsha na daftari la kukagua.

Nikiondoa giza la asubuhi na giza la jioni, nabaki na kipande kimoja cha siku: pale mtoto anapoingia langoni nami sijafungua kibanda. Mazoezi yangu yote yako humo. Nimeona watu wakitafuta muda wa mazoezi mwaka mzima bila kuupata, kwa sababu wanautafuta kabla ya mtoto kuondoka.

2. Simu isijirekebishe saa yenyewe

Simu zetu hushika mtandao wa Kongo, mara upepo ukigeuka zinashika wa Uganda. Ikishika wa Uganda, saa inaruka mbele yenyewe, na kengele ya kuamka inalia saa nzima kabla ya wakati. Ikirudi Kongo usiku wa manane, kengele inachelewa. Nenda kwenye mipangilio, zima saa ya kujirekebisha, iweke kwa mkono. Sisi nyumbani tumeongeza saa ya ukutani, ya betri, na tumekubaliana kwamba saa ya nyumba ni ya Kongo na saa ya shule ni ya Uganda. Binti yangu anazijua zote mbili. Kujumlisha moja alikujua kabla hajafundishwa darasani.

3. Mtu mzima anayekimbia hapa ni habari

Hili lilinichukua muda mrefu kuliko yote.

Bunagana ilichukuliwa na waasi wa M23 Julai 2012. Ikarudi mikononi mwa jeshi la serikali mwishoni mwa Oktoba 2013. Ikachukuliwa tena tarehe 13 Juni 2022. Kijana aliyezaliwa hapa mwaka 2010 anajua kufunga godoro kwa kamba kuliko anavyojua kufunga goli. Kwa hiyo mtu mzima akionekana anakuja mbio barabarani, tena mwanamke, hakuna anayeuliza anatafuta afya gani. Watu wanatazama anakotoka.

Siku za mwanzo baada ya kurudi kutoka Kisoro tulikokuwa tumekimbilia, mzee mmoja aliyekuwa amebeba bidoni la maji alinisimamisha. Alilitua kwanza, kama mtu anayejiandaa.

“Mama, kuko nini kule?”

“Hakuna kitu, mzee. Ni spoti.”

“Spoti ya nani asubuhi hii?”

Alikuwa na haki. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameshamshika mtoto wake mkono na kumvuta ndani ya uzio. Niliona uso wa yule mtoto. Kuanzia hapo nikajiwekea masharti, na ndiyo ninayompa kila anayeniuliza namna ya kuanza.

Sikimbii nikiwa nimemshika mtoto mkono, hata tukichelewa. Mama na mtoto wakikimbia pamoja, mtaa mzima unaamka. Sikimbii na mzigo wowote, si begi wala kitenge kilichofungwa kitu, kwa sababu mwenye mzigo anahama. Navaa fulana ile ile ya rangi kali, na nakimbia saa ile ile, ili watu wanizoee kama walivyozoea gari la mkate. Nguo za kijani au za madoadoa sizigusi. Nikikaribia kizuizi natembea, mikono inaonekana, nasalimia kwanza. Nikimpita mtu mzima natamka salamu kamili, hata kama pumzi haitoshi. “Jambo sana, papa.” Anayekimbia vita hana muda wa salamu, kwa hiyo salamu peke yake inatosha kumtuliza mtu.

Sasa wamenizoea. Mamotari wa kituoni, waendesha pikipiki, hunihesabia mwendo kwa sauti, wakati mwingine kwa uongo. Yule mzee wa bidoni hunisalimia kwa kusema “Spoti!” kama vile ndilo jina langu.

Najua pia kwamba mtu wa kwetu aliyekimbia vita anaweza kugeuza kukimbia kuwa spoti. Makorobondo Salukombo, aliyeondoka Kivu na familia yake akiwa mtoto kwa sababu ya vita, alikulia Marekani, akaiwakilisha Kongo kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na akarudi kuwafundisha vijana wa Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu, kukimbia. Goma nako asubuhi za Jumapili nimeona vikundi vya vijana vikikimbia barabarani vikiimba, na hakuna mama anayevuta mtoto ndani. Wimbo unawasaidia. Nimejaribu kuimba peke yangu huku Bunagana, nikaona nawatisha watu kwa namna nyingine.

4. Kwenda tunatembea, kurudi nakimbia

Shule iko kama kilomita mbili na kitu kutoka nyumbani, nyingi zikiwa upande wa Uganda, kwenye barabara ya Kisoro. Kwa hatua za mtoto wa miaka sita anayesimama kutazama mbuzi, ni zaidi ya nusu saa. Huko kwenda ni kwake. Tunahesabu malori, tunasoma maandishi ya Kiingereza yaliyo kwenye maturubai, ananieleza nani aligombana na nani. Nikijaribu kuharakisha ili “nianze zoezi,” anafika shuleni ana jasho, shati la sare limeloa, na mwalimu ananitazama mimi.

Kurudi ni kwangu. Namwacha langoni, nakaza kamba, naondoka. Kuna kipande cha mteremko na kuna kipande cha kupanda, na hewa ya huku, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, haimhurumii mtu mnene. Siku ambazo nina nguvu napita njia ya mbali, naizunguka shule kwa nyuma na kurudi barabarani. Siku ambazo sina, nakimbia hadi mti fulani, natembea hadi nguzo fulani, nakimbia tena. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema mtu mzima anahitaji kwa juma dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za kutoa jasho hasa. Nilipopiga hesabu nikakuta kutembea kwa kwenda kunanipa sehemu kubwa ya lile fungu la kwanza hata kabla sijakimbia. Hakuna aliyeniambia kwamba kumsindikiza mtoto kunahesabiwa.

Jambo moja la usalama wanalolisahau hata wakubwa. Uganda magari hupita kushoto, Kongo hupita kulia. Mwenda kwa miguu anapaswa kuyatazama magari yanayomjia, yasimtokee mgongoni. Kwa hiyo upande wa Uganda tunakaa kulia mwa barabara, na tukivuka kwetu tunahamia kushoto. Madereva wenyewe hujichanganya pale kizuizini, wakiwa ndiyo kwanza wanabadili upande. Tangu Uganda ilipofungua tena kituo hiki Julai 2025 malori yamerudi kwa wingi, na mita chache za kila upande wa kizuizi ndizo ninazozihofia kuliko njia yote. Hapo simruhusu binti yangu hata kuokota jiwe.

Na lami? Lami ni ya Uganda. Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walizindua mpango wa barabara ambao ndani yake mlikuwa na ile ya Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru. Mwaka uliofuata vita vikaja. Kwetu ukikimbia ni juu ya mawe ya volkano, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa kodi. Kwa hiyo upande wetu natembea.

5. Kengele ya shule ndiyo inayonikimbiza

Wazazi husema shule ya watoto inawalia muda. Mimi nimeona kinyume chake, na nimekiona zaidi ya mara moja.

Mwaka 2019 aliyekuwa akisoma upande wa Uganda ni mwanangu mkubwa. Nilikuwa namsindikiza, narudi mbio, presha ikaanza kushuka. Machi 2020 Uganda ikafunga shule kwa sababu ya korona. Hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili; hakuna nchi iliyofunga shule muda mrefu kuliko huo. Biashara ya mpakani ikalala. Mtu asiye na kibanda wala safari ya shule angeweza kukimbia hadi Rutshuru na kurudi. Nilikuwa na siku nzima mbele yangu, kila siku, na sikukimbia. Nilijiambia nitatoka saa tatu. Saa tatu ikafika nikiwa napembua maharage. Saa tano jua kali. Jioni mvua. Kesho.

Oktoba 2020 shule za Kongo zikafungua. Tukamhamishia huku kwetu, shule ya msingi ya serikali, ambako elimu ilikuwa imefanywa ya bure tangu Septemba 2019. Kifaransa kilimtoa machozi mwaka mzima. Lakini juma lile lile nilipoanza kumfikisha langoni nikaanza tena kukimbia, bila kujihimiza, bila hata kuamua.

Nilidhani ni bahati. Kisha ikaja Juni 2022, mji ulipochukuliwa tena. Tulivuka na vitu vichache. Wengi walilala Nyakabande, kituo cha kupokea wakimbizi karibu na Kisoro. Sisi tulipata chumba kwa jamaa. Kisoro kuna lami safi, kuna usalama, kuna hewa ya mlima Muhabura. Muda nilikuwa nao wote, kwa sababu kibanda nilikiacha nyuma. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu tukisikiliza simu. Sikuinuka. Mwili uliokuwa umezoea ukanenepa upya kwa wasiwasi na viazi.

Shangazi yao ndiye aliyesema mtoto huyu mdogo atachoka kusikia habari za vita, apelekwe beibi klasi. Akapelekwa, ana miaka mitatu, na begi kubwa kuliko mgongo. Juma hilo nikakimbia.

Nimelifikiria sana jambo hili. Saa tatu ya kujiwekea mwenyewe haina anayekungoja. Lango la shule lina mlinzi, lina mwalimu, lina mtoto anayeogopa kuchelewa. Kengele inakutoa nje umevaa viatu, inakuacha mbali na nyumbani, na lazima urudi. Kurudi nyumbani hakuhitaji moyo wa ujasiri. Kinachobaki ni kuchagua urudi kwa mwendo gani. Kwa hiyo siku hizi sisemi kwamba nagawa muda kati ya mtoto na mwili wangu. Muda ni lori la mtoto, mimi nimedandia nyuma.

Akina mama wenzangu wasiokubaliana nami hunitajia Faith Kipyegon, kwamba alijifungua mwaka 2018, na bado akachukua dhahabu ya mita 1,500 Tokyo na Paris, ya pili na ya tatu baada ya ile ya Rio. Nampenda Kipyegon kama wanavyompenda. Lakini kukimbia ndiyo kazi yake. Ana kocha na ana wenzake wa mazoezi. Mimi kocha wangu ni mlinzi wa lango mwenye filimbi, na namshukuru.

6. Mtoto asifanywe mwanafunzi wako wa mazoezi

Mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani unasema watoto kuanzia miaka 5 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili. Mtoto wa Bunagana anazipata kabla ya chakula cha mchana. Anakwenda shule kwa miguu, anaruka kamba wakati wa mapumziko, anarudi kwa miguu. Asichopata ni usingizi. Shule inayoanza saa mbili ya Uganda inamwamsha saa kumi na moja na nusu ya Kongo, giza bado. Kwa hiyo sheria ya usiku nyumbani kwetu ni kali kuliko ya asubuhi: saa mbili ya Kongo taa yake imezimwa, hata kama kuna wageni, hata kama kaka yake anatazama mpira. Nimekuta kwamba asipolala mapema, asubuhi inavurugika, tunachelewa, namwacha langoni kwa hasira, na nikikimbia na hasira naumia goti.

Mchana tunapokezana. Wazazi wa mtaa wetu wenye watoto wa madarasa ya chini tuna zamu. Mwenye zamu huwachukua wote na kuwarudisha. Kama si zamu hiyo ningefunga kibanda kila siku saa za wateja wengi. Watoto wanashindana njiani, wanakwenda vichochoroni, wanaokota vitu. Siwafundishi namna ya kukimbia. Jumapili baada ya ibada binti yangu akitaka tukimbizane uwanjani, nakimbizana naye, na yeye ndiye anayeweka kanuni, ambazo hubadilika kila anapoelekea kushindwa.

7. Wenye jembe wana haki ya kucheka

Mwanamke anayetoka shamba la Jomba na gunia la viazi mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, akinikuta nahema kwa makusudi hucheka. Simlaumu. Yeye mwili wake haudaiwi mwendo, unadaiwa mapumziko, na ningemwambia akimbie ningekuwa mjinga. Kukimbia ni dawa ya sisi tunaokaa: wauza yuniti, mafundi cherehani, walimu, watu wa ofisi za ushuru. Presha yangu ilitokana na kistuli. Nilipofafanua hivyo kwa jirani yangu mwenye shamba, aliniambia nije nimsaidie kupalilia, nitapona bila kununua viatu. Nilikwenda. Mgongo uliniuma siku kadhaa, na viazi nilipewa.

Viatu, kwa wanaouliza, nilinunua mitumba Kisoro. Angalia soli ndani ya kisigino, ikiwa imebonyea upande mmoja iache.

8. Kalenda mbili ndani ya nyumba moja ni mtaji

Uganda mwaka wa shule huanza Februari na kwisha Desemba, mihula mitatu. Kongo huanza Septemba na kwisha mapema Julai. Mwanzoni niliona ni balaa: mmoja yuko likizo, mwingine ana mtihani. Sasa naipanga. Julai na Agosti kaka mtu yuko likizo na dada yuko katikati ya muhula wa pili. Hapo kaka ndiye anayempeleka mpaka langoni. Mimi namfuata nyuma kwa mwendo wangu, nampita, naenda mbali kuelekea Kisoro, narudi. Miezi hiyo miwili ndiyo inayonipa mbio ndefu za mwaka.

Desemba na Januari ni kinyume. Likizo za Krismasi za Kongo zinaangukia ndani ya likizo ndefu ya Uganda, na kwa majuma kadhaa nyumba haina kengele hata moja. Najua kitakachotokea kwa sababu nimekiona 2020 na 2022. Kwa hiyo huwa natengeneza safari ya lazima ya asubuhi: nabeba jukumu la kupeleka maziwa kwa mama mkwe, aliye mwisho wa mtaa wa juu. Anayangoja. Nikichelewa anapiga simu.

9. Mvua

Machi hadi Mei, na Septemba hadi karibu na Krismasi. Mtoto anakwenda na mabuti ya mpira, viatu vya shule vimo kwenye mfuko wa plastiki begini. Mimi vivyo hivyo. Mabuti hayakimbiwi. Siku ya mvua natembea kwenda, natembea kurudi, sijihesabii deni. Vumbi la volkano likilowa linateleza kuliko sabuni, na mama aliyevunjika mguu mpakani hana wa kumpelekea mtoto shule.

10. Mpango huu una mwisho wake

Madarasa ya chini ya Uganda hutoka mchana. Akifika P.4 atakuwa anabaki hadi jioni, na zamu yetu ya wazazi itavunjika, kwa sababu wakubwa hurudi wenyewe. Atataka kwenda na wenzake pia. Ameshaanza. Juzi kaniomba nimwachie kwenye kona iliyo kabla ya shule, pale penye duka la sukari, ili wenzake wasinione na ile fulana yangu. Nimemuuliza nani atamvusha barabara. Amesema yeye mwenyewe, anajua kwamba Uganda unatazama kulia kwanza. Nimemwambia aliyoyasema ni sahihi na kwamba jibu bado ni hapana, tutaongea Februari muhula ukianza. Mpaka wakati huo namfikisha langoni, ila fulana naivaa ndani ya koti na kulivua koti baada ya yeye kuingia.